Barua kwa mwanangu kuhusu zilipendwa

Mwanangu mpenzi,

Hapa Morogoro hatujambo. Mama yako anakusalimu na anauliza kikohozi cha mjukuu kimeishia wapi.

Nakujibu lile swali la Jumapili. Kwenye simu nililikwepa kwa sababu wageni walikuwa wamejaa sebuleni, na swali lenyewe si la kujibiwa kwa mkato. Uliniuliza, "Baba, hivi mambo ya zamani yalikuwa mazuri kweli, au ni ujana wenu tu mnaoukumbuka?" Ukacheka, na nyuma yako nikamsikia mkwe wangu naye anacheka. Una haki ya kuuliza. Chumba kizima cha uani nimekijaza santuri, kanda, magazeti na vitabu, na wewe ndiye uliyekuwa ukilala humo na mavumbi yake.

Nianze na pale pasipo na ubishi. Katika albamu ya vipande vya magazeti nina picha ya mwanariadha wetu Filbert Bayi, Christchurch, tarehe 2 Februari 1974, fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Yeye hakusubiri mtu. Mlio wa kuanza ulipolia akachomoka, akaongoza mwanzo mpaka mwisho, akamaliza kwa dakika 3 sekunde 32.2, rekodi ya dunia. John Walker wa New Zealand aliyekuwa nyuma yake naye aliipita rekodi ya zamani, na bado akawa wa pili! Kama rekodi ya Michezo hiyo, muda ule ulikaa mpaka 2022 ndipo ukavunjwa Birmingham. Hapo huwezi kuniambia habari za ujana wangu. Saa haina ujana.

Mpira, tuupitie haraka, maana unanijua mimi ni Yanga. Hata hivyo nimehifadhi habari za Simba na Mufulira Wanderers za 1979, kwa sababu haki ni haki: kufungwa nne bila hapa nyumbani, kisha kwenda Zambia kushinda tano bila, si jambo la kawaida. Sita bila waliyotufunga Simba Julai 1977 sina hata kipande cha gazeti, na usiniulize kwa nini. Ila mpira wenyewe, nikiwa mkweli, leo unachezwa vizuri zaidi. Viwanja vilikuwa vibovu, na wengi wetu mechi hatukuziona, tulizisikia. Mtangazaji hodari aliweza kuifanya mechi mbovu ikutoe jasho. Nina kanda moja niliyorekodi redioni, watani wa jadi wanacheza, na kila dakika chache sauti ya baba yako mdogo inaingia akimbishia mtangazaji: "Haikuwa ofsaidi hiyo! Wewe umekaa wapi?" Mpaka leo anakataa kwamba ni yeye.

Muziki ndipo penye kesi.

Kwanza nikuambie siri ambayo wakusanyaji wenzangu hawapendi kuisema: nyingi ya santuri zangu ni za hovyo. Kuna nyimbo za kusifia bia, kuna za kuigiza Wakongo mpaka lugha yao, kuna waimbaji waliokuwa wakilalamikia mpenzi yuleyule kila mwezi. Hizo redio haizipigi. Kipindi cha zilipendwa kinakupa mchele uliokwisha kupepetwa, halafu wewe unaulinganisha na bongo fleva iliyotoka juzi na pumba zake zote. Hapo lazima wazee tushinde, na ushindi wenyewe si wa haki.

Lakini kuna jambo ambalo halitokani na ujana wangu, nalo ni jinsi nyimbo zile zilivyotengenezwa. Bendi nyingi zilikuwa na mwajiri. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Polisi walikuwa na yao, JKT na yao, kiwanda cha Urafiki na yao. Mpiga gitaa alikuwa na mshahara, na ala hazikuwa zake. Kazi yake ilikuwa kupiga dansi ukumbini wiki baada ya wiki. Wimbo mpya uliingizwa ukumbini kwanza. Watu wakibaki vitini, unarekebishwa au unatupwa. Ulipofika studio za Radio Tanzania ulikuwa umeshapigwa mpaka magitaa yanajuana: solo anajua rithimu ataingia wapi, besi hawaangalii. Wakarekodi wote pamoja kwa mpigo. Ndiyo maana Western Jazz na mtindo wao wa Saboso, au Mbaraka Mwinshehe akiwa na Morogoro Jazz hapa kwetu na baadaye Super Volcano, unasikia watu wanasikilizana. Kijana wa leo anayetengeneza wimbo peke yake kwenye kompyuta usiku ana kipaji, simbezi, ila ukumbi haujamkosoa.

Sasa njoo kwenye santuri yenyewe. Sahani ndogo ilikuwa na nafasi ya dakika chache kila upande, na wimbo wetu wa dansi hautoshi humo. Kwa hiyo ukakatwa katikati. Upande wa kwanza unapata mashairi, hadithi yote ya shida na mapenzi. Mwishoni fundi mitambo anashusha sauti polepole, ukiwa umeanza kunogewa. Unainuka, unageuza sahani, unaweka sindano, na hapo ndipo magitaa yanapochemka na watu wanamwagika katikati ya chumba. Mkwe wangu alipokuja mwaka jana alinichezea kwenye simu wimbo wa Mbaraka, akasema mzuri lakini unaisha kienyeji. Nikamuuliza, upande wa pili uko wapi? Hakukuwa nao. Mtu aliyeuweka huko aliweka upande mmoja tu! Nikampigia wa kwangu, naye akanyamaza kubishana, angalau kwa jioni ile.

Ndiyo sababu sitaki vitu hivi vitupwe kwa kisingizio kwamba "vyote viko mtandaoni". Havipo vyote. Santuri zilikuwa zikichapwa Nairobi. Mpaka wetu na Kenya ulipofungwa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, upatikanaji wake ukawa wa shida, na nyimbo nyingi za bendi zetu zikabaki kwenye kanda za redio. Aliyekuwa na santuri akaandika jina lake kwa wino kwenye lebo, maana kwenye sherehe kila mtu alikuja na zake na kuondoka nazo ilikuwa vita. Ninayo moja imeandikwa "Usiazimishe", chini yake mwandiko mwingine kabisa: "Nimeazimwa."

Vichekesho sina hakika navyo. Pwagu na Pwaguzi wa redioni bado wananichekesha, kwa sababu walitumia sauti tu: kikohozi, kusitasita, ujanja unaosikika kabla haujasemwa. Televisheni huku bara ilikuja 1994, kwa hiyo mchekeshaji ilibidi sura yake uichore mwenyewe kichwani. Chakubanga wa katuni za gazeti la Uhuru naye bado anasomeka. Lakini nimezipitia tena Sani zangu, yale magazeti ya katuni, na kina Lodi Lofa na Pimbi ninaowapenda, nikaona utani mwingi ulikuwa wa kuwasimanga wanawake na watu wa makabila fulani. Nilimsomea mjukuu ukurasa mmoja, akaniuliza, "Babu, sasa mbona yule mama hajamjibu?" Nikafunga gazeti.

Vitabu ni hivyohivyo. Willy Gamba, yule jasusi wa Elvis Musiba, alitukesha, tukiamini kabisa kwamba makaburu wanamwogopa. Nikimsoma sasa naona anakunywa sana na wasichana wanamwangukia bila sababu. Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, na kiko chake, yeye hajachuja, kwa Kiswahili kile cha Unguja kinachokwenda pole na kukuzunguka. Ila nakala yangu mojawapo niliinunua kwa mtu wa vitabu vya mitumba, na mshenzi mmoja ameandika jina la muuaji kwa wino ukurasa wa mwanzo.

Basi jibu lako ndilo hilo, mama: Bayi ndiyo, muziki ndiyo kwa sehemu, mpira hapana, vichekesho chagua mwenyewe.

Chumba cha uani sikitoi kwa mpangaji, mwambie kaka yako. Na ukija Desemba niletee sindano ya playa. Fundi wa hapa alinichongea, lakini inakwaruza. Ulizia Kariakoo ukipita Dar, uchukue na ya akiba.

Ni mimi baba yako.