Hatuna Mtu Wetu Katika Baraza la Mawaziri la Bavaria

Ndugu zangu,

Nimesoma yote mliyoandika katika kikundi cha familia kuhusu mkataba wa kazi kati ya Kenya na Ujerumani, na swali la binamu limenikera kiasi kwamba nimeona heri nilijibu kwa kirefu. Anasema nafasi 250,000 zinawangoja Wakenya, na kwamba mimi niliyeishi Bavaria, jimbo la kusini mwa Ujerumani, miaka yote hii sikosi kumjua mtu katika serikali ya jimbo wa kumsukumia faili. Mkataba ulitiwa saini Berlin mnamo Septemba 2024, hilo ni kweli. Idadi hiyo haimo, na serikali ya Ujerumani yenyewe iliikanusha.

Linaloniuma zaidi ni hilo la mtu wa kusukuma faili. Mnaipima serikali ya jimbo kwa kaunti mnayoijua, ambako gavana huteua mawaziri wasiozidi 10 kutoka nje ya bunge la kaunti, na mambo ya uhamiaji hubaki kwa serikali ya kitaifa. Hapa Ujerumani sheria ya ukaazi hutungwa Berlin, lakini wanaoitekeleza ni majimbo, kwa hiyo nani amepewa wizara gani ni jambo linalofika hadi kwenye kibali changu cha kuishi na kufanya kazi.

Katiba ya Bavaria inamruhusu Waziri Mkuu wa jimbo kuwa na mawaziri na manaibu waziri wasiozidi 17, na ni lazima Bunge la jimbo liwaidhinishe. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2023, chama cha CSU kilikuwa na viti 85 kati ya 203, hivyo kiongozi wake Markus Söder, Waziri Mkuu wa jimbo, alilazimika kuungana tena na chama cha Freie Wähler, chenye viti 37. Washirika hao walipewa wizara nne: uchumi, elimu, mazingira na dijitali. Angalieni wasichopewa. Mambo ya ndani, wizara yenye usimamizi wa ofisi za wageni zinazotoa vibali, ilibaki CSU kwa Joachim Herrmann, aliyeishika tangu 2007. Afya na uuguzi nayo ilibaki CSU, kwa Judith Gerlach. Basi waajiri wanapolalamika kwamba wafanyakazi hawatoshi, malalamiko hayo humfikia waziri wa uchumi wa chama kimoja, ilhali muhuri wa kibali uko katika wizara ya chama kingine.

Nimeishi ndani ya pengo hilo. Kibali changu kilipokwisha, ofisi moja ya wageni ilinipa karatasi ya muda ya kukunja, nami nikawa naipeleka upya kila inapokaribia kuisha. Msimamizi wangu wa wodi, mwanamke aliyenihitaji hasa, aliigeuza mara mbili mezani, akasoma tarehe kwa kidole, kisha akaniuliza kwa sauti mbele ya wenzangu kama bado ninaruhusiwa kumgusa mgonjwa. Jioni hiyo shangazi alinipigia kuuliza kwa nini fedha za mwezi zimechelewa, na sikuweza kumweleza.

Kwa hiyo nasema msije. Msiuze shamba, msiache kazi ya serikali, msidhani mkataba uliosainiwa mbele ya kamera utawasubiri dirishani mkiwa na namba ya foleni mkononi.

Lakini wewe binamu, muuguzi mwenye cheti na nguvu, njoo. Wodi zetu zina vitanda vilivyofungwa kwa kukosa watu, nami nitafurahi mno kukupokea. Njoo ukiwa umefika B2 ya Kijerumani, yaani kiwango cha kujieleza vizuri, ukiwa bado nyumbani, kwa sababu ukifika bila lugha utafanya kazi ya msaidizi kwa mshahara wa msaidizi. Kabla ya kusaini mkataba na hospitali yoyote, uliza iko jimbo gani na ni ofisi ipi ya jimbo hilo itakayokitambua cheti chako, maana majimbo yako 16 na hayaendeshi mambo haya kwa namna moja. Akitokea wakala akasema ana mtu wizarani, iwe Munich au Berlin, ondoka hapo hapo. Mawaziri niliowataja hata mimi nawaona gazetini tu.

Ada ya kozi ya lugha nitailipa mimi, hadi mtihani wa mwisho. Ya wakala sitoi hata senti.