Mwanangu, kuhusu huo mkasi

Mwanangu,

Nimeisoma meseji yako. Unauliza kama ni kukosa adabu kukata kitambaa chenye mchoro wa yule mama Muaborijini, wa wenyeji asilia wa Australia, mliyepangiwa naye darasani huko Melbourne, maana pateni yako inaupasua mchoro katikati, pale mshono wa bega unapopita. Mkasi mimi haunitishi, kukutanisha mchoro kwenye mshono nilishakufundisha. Mimi nataka kujua gauni likishapita jukwaani atatajwa nani. Kila pambo lina mwenyewe, nimesema na nitasema tena.

Yule mwanafunzi aliyekuja kwa bibi yako unamkumbuka? Labda unakumbuka biskuti zake tu. Alikaa pale barazani, bibi akamfundisha kushona viua vya kofia, akamwachia na lile ua lake la mizunguko, basi baadaye shangazi yako analikuta Dar kwenye maonyesho, liko mgongoni mwa koti, na kibao kina jina la huyo mwanafunzi peke yake. Bibi akacheka! Eti hata yeye aliiga kwa somo yake. Mimi roho inaniuma mpaka leo. Sasa kama mwenye ua kacheka, mimi nakasirika kama nani? Lakini kucheka sio kuridhia, mama yangu namjua.

Na huko mliko yamepita makubwa. David Malangi, mchoraji Muaborijini, mchoro wake ulitiwa kwenye noti ya dola moja ya Australia mwaka 1966 wala hakuulizwa, kuja kukumbukwa akapewa dola 1000, medali na vifaa vya kuvulia samaki. Vya kuvulia samaki, jamani! Halafu ile kesi ya Johnny Bulun Bulun, naye mchoraji wa Kiaborijini, mchoro wake ulichapwa kwenye vitambaa bila ruhusa, na mahakama mwaka 1998 ikasema hata yeye msanii ana wajibu kwa ukoo wake, hawezi kuutumia kinyume na mila zao. Kwa hiyo huyo mama akikukubalia, huenda kuna wazee nyuma yake nao wanatakiwa waulizwe.

Ila usiogope mpaka ushindwe kushona. Kina mama wachoraji wa Utopia, sehemu ya Waaborijini huko huko Australia, Emily Kame Kngwarreye na wenzake, walianza na batiki 1977 kabla hawajagusa turubai la kuchorea, kitambaa wanakijua, na kitambaa cha kuvaa lazima kikatwe... au siyo lazima? Kanga ya kujifunga mbona hatuikati vipande, tunatenganisha doti na kupinda tu.

Ningekuwa mimi... haya, sisemi. Mpigie video, muonyeshe mkasi unapita wapi, umuulize na kwao nani mwingine aulizwe, na lebo muiandike pamoja kabla hujakata. Akisema kata, kata. Halafu niambie kajibuje, maana shangazi yako yeye anasema ungeshakata siku nyingi na tangu jana hatuelewani.

Mama