Kabla ya modeli, kasimame kwenye foleni

Wiki iliyopita nimepata meseji ya kijana mmoja, kamaliza kozi ya uchambuzi wa data, kaniandikia: "Kaka, ujuzi ninao, nataka niutumie kutatua matatizo ya watu, sio kusaidia kampuni kuuza matangazo tu. Nianze na modeli gani?" Nimeisoma hiyo meseji mara nne hivi. Ndio swali lilelile nililokuwa najiuliza mimi wakati naanza, na jibu nililojipa kipindi kile liliwatesa watu. Nikamwambia nitamjibu hapahapa na wengine msome, maana wengi mnaopita hapa najua mna moyo huohuo.

Mdogo wangu, usianze na modeli, yaani zile hesabu za kuiga hali halisi ili ukisie kitakachotokea. Ngoja nikusimulie.

Nilipata nafasi ya kusaidia kituo kimoja cha afya, jina naliacha. Shida yao ilikuwa foleni, watu wanakaa siku nzima. Wakanipa data ya miezi sita kutoka kwenye mfumo wao: mgonjwa kasajiliwa saa ngapi, kaingia kwa daktari saa ngapi, katoka saa ngapi. Kusafisha ile data sitaki hata kukumbuka, aliyewahi kufanya anajua. Sasa pale usajili kulikuwa na wahudumu wawili, na hesabu yangu ikaonyesha kila mmoja anakuwa bize chini kidogo ya nusu ya muda wake kwa siku. Huku kwenye vipimo ndio watu wamejaa. Mimi nikaona kitu kiko wazi kabisa, nikaandika kwenye ripoti kwamba usajili mhudumu mmoja anatosha, mwingine ahamishiwe vipimo. Nikaweka na chati za rangi. Wakubwa wakanipigia makofi pale mkutanoni, nikarudi nyumbani najiona kweli mimi ni mtu wa kubadilisha dunia.

Haikupita mwezi nikapigiwa simu. Foleni ya usajili imetoka nje ya geti.

Sikuelewa. Wawili kila mmoja bize nusu, ukimwacha mmoja atakuwa bize karibu muda wote lakini si bado anaweza? Hapo ndipo nilipokuja kujua kuna elimu nzima nilikuwa siijui. Kule Copenhagen, Denmark, kulikuwa na bwana anaitwa Agner Krarup Erlang, alikuwa anafanya kazi kwenye kampuni ya simu, na tangu 1909 alishachapisha hesabu za namna simu zinavyogombania laini. Hesabu za foleni zimeanzia huko. Ukichukua modeli rahisi kuliko zote, mhudumu mmoja, watu wanakuja bila mpangilio na kila mtu anachukua muda wake, basi mhudumu akiwa bize asilimia 80 mtu anasubiri kwa wastani mara 4 ya muda wa kuhudumiwa. Akiwa bize asilimia 90 inakuwa mara 9. Asilimia 95 inakuwa mara 19! Yaani hapo mwishoni ukimwongezea kazi kidogo tu foleni inalipuka. Kwa hiyo ule muda niliouona mimi kama uvivu wa wale wahudumu wawili ndio ulikuwa unawaokoa wagonjwa. Nilichukua pumzi ya mfumo nikaiita hasara.

Na hapa niseme kitu, maana watu wanachanganya. Uchambuzi wa data unakuambia kilichotokea. Utafiti wa operesheni unakuambia ukigusa hapa kule kutatokea nini, na kwa watu hawa na vifaa hivihivi ulivyonavyo uvipangeje. Mimi nilikuwa na cha kwanza nikajifanya ninacho na cha pili. Jifunze vyote viwili, foleni, upangaji wa ratiba, mahali pa kuweka vituo, njia za magari ya kusambaza dawa, hivi vitu vinaokoa watu kweli. Pale Marekani mchumi Alvin Roth na wenzake walikaa chini na hesabu za kuoanisha watu wanaotaka kumchangia ndugu yao figo lakini damu haziendani, ili wabadilishane na familia nyingine yenye shida hiyohiyo. Roth akaja kupewa Nobel ya uchumi 2012 pamoja na Lloyd Shapley. Kuna watu wako hai leo kwa sababu ya hesabu. Mimi hilo linanitia nguvu kila nikichoka.

Turudi kituoni. Nilivyopigiwa ile simu niliona aibu ambayo mpaka leo ikija usiku inanikosesha usingizi. Nikasema siendi kwenye kompyuta tena mpaka nimeona kwa macho. Nikaenda alfajiri kabla hawajafungua, nikasimama kwenye foleni kama mgonjwa. Siku ya kwanza tu nikajua ripoti yangu ilikuwa ni kitabu cha hadithi. Watu walikuwa wameshafika giza bado, na kwenye data yangu hakuna mtu aliyefika kabla ya saa mbili, kwa sababu mfumo unaanza kumhesabu mtu akishaandikwa jina dirishani. Halafu wote wanakuja asubuhi, mchana dirisha liko tupu. Ule wastani wangu wa "bize nusu" ulikuwa umechanganya asubuhi ya vurugu na mchana wa kukaa tu.

Kulikuwa na mzee mmoja mbele yangu, amekuja kuchukua dawa za presha. Kasimama sana. Ikafika wakati akaangalia foleni mbele, akaangalia nyuma, akakunja kadi yake akaitia mfukoni akaondoka. Nilirudi nikatafuta siku ile kwenye mfumo. Yule mzee hayupo. Kwa mujibu wa data hakuwahi kuja.

Mama aliyebaki dirishani peke yake, mtu wa miaka mingi pale, nilimfuata mchana nikamwomba radhi. Hakunigombeza, akaniambia tu, "Mwanangu, wewe ulihesabu waliofika kwangu. Wanaoishia njiani uliwahesabia wapi?"

Baadaye sana ndio nikaja kusoma habari za Abraham Wald. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa kwenye kikundi cha watakwimu pale Chuo Kikuu cha Columbia, New York, wakafanyia kazi ndege za kivita zinazorudi zikiwa na matundu ya risasi. Akili ya haraka inasema ongeza chuma pale penye matundu mengi. Hesabu zake zikazingatia kwamba ndege zilizoko mbele yako ni zile zilizorudi, zilizopigwa sehemu mbaya zaidi zimeanguka hukohuko, kwa hiyo pale ambapo huoni matundu kwenye zilizorudi ndipo pa kuogopa. Nilivyosoma nikamkumbuka yule mama wa dirishani. Kaniambia jambo lilelile, na yeye hakuwa na chati.

Sasa naomba mnisikilize vizuri kwenye hili kwa sababu ndio moyo wa hii makala. Kwenye matatizo ya jamii, wanaoumia zaidi mara nyingi ndio hawamo kwenye data. Aliyekosa huduma hana rekodi ya huduma. Aliyeacha shule hayumo kwenye matokeo ya mtihani. Asiye na simu hapigi simu ya malalamiko. Ukichukua faili ulilopewa ukalipeleka moja kwa moja kwenye modeli, unawapangia maisha wale ambao tayari mlango umewafungukia, na modeli itakuambia iko sawa!

Na angalia unapima nini. Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha utafiti kuhusu programu iliyokuwa inatumika Marekani kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Programu haikupima ugonjwa, ilipima gharama za matibabu, ikidhani anayetumia hela nyingi ndiye anayeumwa zaidi. Lakini matibabu ya wagonjwa weusi yalikuwa yanatumia hela kidogo kuliko ya weupe wenye hali sawa ya ugonjwa, kwa hiyo wakaonekana wazima. Watafiti wakakadiria kuwa ukirekebisha hilo, kati ya wote wanaochaguliwa weusi wanapanda kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Safu moja tu kwenye jedwali ilichaguliwa vibaya! Wenzangu, tunavyokaa kuchagua kipimo tunaamua nani apone, hebu tuliogope hilo kidogo.

Mimi nilivyorudi mara ya pili nilifanya hivi. Nilikaa wiki mbili na daftari na kalamu, kila mtu anayefika naweka mstari, anayeondoka bila kuhudumiwa nauzungushia duara. Nikakaa na yule mama na wenzake wa vipimo wanielezee siku yao inavyoenda, saa ngapi wanaelemewa, karatasi gani inawakwamisha. Ndio nikajenga modeli, ndogo sana, ukiiona huwezi kuitamani. Tukapendekeza vitu vitatu: mhudumu wa pili arudi usajili asubuhi halafu mchana ndio aende vipimo, wagonjwa wa kurudia dawa wapewe saa za mchana badala ya wote kuambiwa njoo asubuhi, na zamu ya usajili ianze mapema kabla ya madaktari. Na nikabadilisha lengo, badala ya kushusha wastani nikaangalia yule anayesubiri kuliko wote anasubiri kiasi gani, na wangapi wanaondoka.

Ilikubalika kwa tabu, safari hii hakuna aliyepiga makofi. Lakini foleni ilirudi ndani ya geti, na maduara kwenye daftari yakapungua mpaka kuna siku hakukuwa na hata moja. Hiyo siku najivunia kuliko cheti chochote nilichonacho, nasema wazi.

Kwa hiyo mdogo wangu uliyeniandikia, nenda kasimame kwanza. Uliza anayefanya kazi ile kila siku. Tafuta wasiohesabiwa. Halafu jifunze hesabu za foleni usije ukarudia kosa langu la kumwondoa mtu kwa sababu eti hayuko bize. Na kabla hujawasilisha chochote mwonyeshe mtu wa dirishani, sio bosi, mtu wa dirishani, akikunja uso rudi ukaangalie upya. Watu wengi wenye vipaji siku hizi wanakimbilia modeli kubwakubwa wakati hawajawahi kugusa benchi la kusubiria, hiyo sio sawa, tunacheza na masaa ya watu wanaoumwa.

Lile daftari bado ninalo. Mstari wa kwanza umeandikwa saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, na una duara.