Mashina kukosa fokasi msituni: tatizo ni kuinamisha lenzi

Mwenzetu ameuliza kwa nini mashina yake yametoka yamefifia kuanzia usawa wa kiuno kwenda juu, ilhali aliinamisha lenzi ya kamera yake kubwa ya filamu za inchi 4 kwa 5, ambayo lenzi yake huinama peke yake bila kamera nzima kuinama, ili fokasi ishike kuanzia majani ya miguuni hadi miti ya nyuma. Kosa hilo mimi nililirudia msimu mzima, na liliniuma kwelikweli.

Ukiinamisha lenzi, fokasi inalala kama jamvi lililotandikwa chini. Kwenye uwanda ulio wazi ni safi kabisa. Lakini mti umesimama, unalitoboa jamvi na kutokeza juu yake. Tena sehemu iliyo ndani ya fokasi ina umbo la kabari: nyembamba karibu na kamera, nene kule mbali. Ndiyo maana shina la mbele ndilo huharibika zaidi.

Siku hizi msituni naacha lenzi na filamu zikiwa sambamba, mgongo wa kamera wima ili mashina yasiegemeane. Nikitaka vilele, napandisha lenzi badala ya kuielekeza kamera juu. Kisha nabana tundu la lenzi hadi f/32, najifunika kitambaa cheusi, nasubiri macho yazoee giza, ndipo nikague pembe za kioo cha nyuma kinachoonyesha picha kwa lenzi ya kukuzia.

Gharama yake ni muda. Mita ya mwanga ikisema sekunde 8, filamu ya Ilford FP4 Plus inataka kama 14, maana muda ukiwa mrefu filamu hupokea mwanga kwa uvivu, hivyo unapandisha muda wa mita kwa kipeo cha 1.26 (8 kwa kipeo cha 1.26). Ukisogelea kitu, tuseme uyoga kwenye kisiki, na mvukuto (mfuko wa mikunjo kati ya lenzi na filamu) wa lenzi ya milimita 150 ukafika milimita 210, zidisha muda wa mita mara mbili kwanza, kipeo baadaye.

Katika sekunde hizo 14 adui ni upepo. Mimi huchagua jani moja jembamba la mbele na kulikodolea macho, likitulia, nafyatua. Likianza kutikisika, naziba lenzi kwa kadi nyeusi bila kuigusa, nasimamisha hesabu, nasubiri litulie, naendelea nilipoishia.

Zitazame tena filamu zako. Majani ya chini yakiwa wazi mbele hadi nyuma, na shina linafifia kadiri unavyopanda, hiyo ni lenzi kuinama. Mashina yakiwa wazi na majani yamevurugika, huo ni upepo.