Uliza Shangazi: Nimelipia banda la paki, wageni wakaja wakati natoka

Barua za mwezi huu karibu zote ni za besdei. Nadhani ni jua, maana huko Marekani likianza kuwaka kila mtu anakumbuka ana mtoto, na apatimenti haitoshi, na jirani wa chini keshagonga dari mara mbili. Haya tuanze na hii iliyonichekesha mpaka nikaweka chai chini, mwandishi wake anisamehe.

Shangazi shikamoo. Mi niko Minneapolis, binti yangu katimiza miaka 4 nikasema safari hii sifanyii ndani. Nikakodi banda la paki onlaini, yale mapaa yenye meza kwenye bustani za umma, kibali kikaandikwa 10:00 AM mpaka 2:00 PM. Nikatupia kwenye grupu la WhatsApp "karibuni wote saa 10 mpaka saa 2". Shangazi, asubuhi ile tumekaa mimi, mume wangu, mtoto kavaa taji lake, na mama mmoja Mmarekani wa darasani kwao ambaye alifika kabla hata sijafungua sufuria. Saa nane mchana ikaja familia nyingine na kibali chao, wakanionyesha karatasi kwa upole kabisa, nikaanza kubeba pilau. Saa kumi jioni ndo naona magari ya watu wetu yanaingia moja moja, wamependeza, zawadi mkononi, na sisi tunakata keki kwenye buti ya gari. Nauliza, mwenye makosa nani? Na ningefanyaje? Mama wa Binti Mmoja

Marahaba mwanangu. Pole, ila hebu soma tena ulichoandika. Saa 10 mpaka saa 2. Mswahili akisoma hapo anaona saa kumi jioni mpaka saa mbili usiku, yaani masaa manne yaleyale, tena wakati mzuri kabisa wa sherehe, jua limepoa, watu wametoka kazini. Ndo maana hakuna hata mmoja aliyeuliza. Wageni wako hawakuchelewa hata kidogo, tena kwa mara ya kwanza katika historia yetu watu wamewahi na bado wamekosa shughuli.

Siku nyingine andika kwa maneno, "saa nne asubuhi", halafu hapohapo weka 10:00 AM kwa ajili ya watoto wetu waliozaliwa huko ambao saa yetu hawaijui. Na siku moja kabla tuma voisi noti. Watu hawasomi kadi, voisi wanasikiliza.

Ila hata ungeandika vizuri ungebanwa, kwa sababu masaa ya kwenye kibali sio masaa ya sherehe. Ukilipia kuanzia saa nne, sehemu nyingi ina maana saa nne ndo unaruhusiwa kuweka kitambaa mezani, na saa nane unatakiwa uwe umeshafagia, umefunga taka, umeondoka, sio saa nane ndo unaanza kuita watoto wapige picha. Kwa hiyo kwenye masaa manne sherehe yenyewe ni masaa mawili na nusu ukijitahidi. Waite wageni saa tano. Chakula kitoke kikiwa tayari nyumbani, keki ikatwe saa saba kasoro, na saa saba na nusu mpe yule shemeji asiyependa kukaa bure mfuko wa taka. Miji mingi inakodisha kwa nusu siku au siku nzima, na mimi kwa ninavyotujua, kama tofauti ya bei haikuumizi lipia siku nzima, au chukua kipande cha mchana mpaka jioni, achana na asubuhi kabisa, asubuhi ya Jumamosi ni ya Wazungu na kahawa zao.

Kitu kingine, na hiki ungekijua siku ile usingekata keki kwenye buti: ulichokodi ni paa, meza na lile jiko la chuma. Bustani yenyewe hukuikodi na hakuna aliyekufukuza humo. Ungetandika mkeka kwenye nyasi hatua ishirini pembeni mngeendelea mpaka bustani ifungwe. Sasa hiyo ina upande wake wa pili, kwamba na wewe huwezi kumfukuza mtoto wa mtu kwenye bembea eti leo pana besdei. Atakuja mtoto usiyemjua atasimama karibu na keki anaiangalia, mkatie.

Na kibali kiprinti. Usiseme kiko kwenye simu, simu itakuwa kwa mtoto inacheza katuni na chaji asilimia nne. Ukikuta watu wamekaa kwenye banda lako, na utawakuta, maana mabanda mengi yasipokodiwa ni ya aliyewahi na wao wanadhani liko wazi, waamkie, waonyeshe karatasi, wengi wanahama bila neno. Asiyehama usibishane naye mbele ya watoto, kwenye kibali huwa kuna namba ya kupiga, piga hiyo.

Shangazi, niko Columbus Ohio. Binamu yangu kakodi banda lilelile ninalotaka mimi ila yeye kalipa kidogo, mi naambiwa zaidi. Ni ubaguzi huu? Halafu nataka kuleta lile jumba la upepo watoto wanarukia, wananiambia nilete bima. Bima ya nini tena, besdei? Baba Mapacha

Baba Mapacha punguza presha. Kwanza angalia anwani. Mabanda haya yanajengwa kwa kodi za wakazi, kwa hiyo miji mingi ina bei ya mkazi na bei ya asiye mkazi, na ukishavuka ule mpaka wa mji, hata kama ni barabara moja tu inawatenganisha wewe na binamu, unalipa ya mgeni. Hapo suluhisho ni rahisi, binamu akodi kwa jina lake, ila basi awepo siku hiyo, maana kibali ni chake na dipoziti ni yake, watoto wako wakivunja kitu anakatwa yeye. Angalia pia bei ya katikati ya wiki, mara nyingi inashuka, na watoto wa miaka mitano hawajui Jumatano na Jumamosi tofauti yake nini. Jumamosi za mwisho wa Mei na Juni ndo ngumu kuliko zote kwa sababu ya mahafali za shule.

Hilo jumba la upepo sasa. Bima sio yako wewe, ni ya mwenye jumba. Wanataka karatasi ya bima ya kampuni inayokodisha, na mara nyingi jina la mji liandikwe humo kama mmoja wa waliokatiwa, ili mtoto wa mtu akivunjika mkono kesi isiishie kwenye mlango wa meya. Kampuni ya kueleweka ukiwaambia unapeleka bustani ya mji wanakutumia hiyo karatasi fasta. Ukimpigia mtu kakupa bei nusu halafu bima anaanza kukwambia "kaka hiyo haina shida", huyo muache. Uliza na haya mawili: umeme upo au jenereta inakubaliwa, na vigingi vinaruhusiwa au ni mifuko ya mchanga. Bustani nyingi hazitaki vigingi kabisa kwa sababu chini ya zile nyasi kuna mabomba ya kumwagilia, ukipigilia chuma kwenye bomba unapata chemchemi katikati ya sherehe na bili ya fundi baada ya sherehe. Upepo ukivuma kwa nguvu toa watoto, zima, hata kama masaa uliyolipia hayajaisha. Limebandikwa humo humo lebo inayosema mwisho wa upepo ni kiasi gani.

Spika pia uliza, maeneo mengi muziki wa kupaza unahitaji ruhusa yake peke yake.

Shangazi, lile jiko la paki dogo la chuma kwenye mguu mmoja, litachoma mbuzi wa watu 60? Na mkaa nautupa wapi? Mchoma Nyama, Dallas

Halitoshi. Lile linachukua mishikaki ya watu kumi na wewe umesimama hapo jasho linakutoka wakati wenzio wanacheza. Beba jiko lako kama wanaruhusu, na liweke nje ya paa, sio chini ya paa, hata mvua ikinyesha. La kwao litumie kupasha tu. Chukua brashi ya waya na karatasi ya foili, maana hujui wa wiki iliyopita alichoma nini pale, inaweza kuwa nguruwe na wewe una wageni Waislamu, tandika foili mbili yaishe. Mbuzi nunua kwa wale wa halali akiwa ameshakatwakatwa, usianze kupiga panga juu ya meza ya umma, kuna mtu atapiga simu polisi na hutaweza kueleza.

Mkaa ukiisha kazi usiumwage chini ya mti wala kwenye pipa la taka la plastiki, nimeshaona pipa limeyeyuka likawa kama ubani. Bustani nyingi zina kisanduku cha chuma au cha saruji cha majivu ya moto. Kama hakipo mwagia maji, koroga, mwagia tena, mpaka uweze kuweka kiganja karibu bila kuogopa. Na kwenye kiangazi kikali huwa wanapiga marufuku moto kabisa kwa muda, hivyo asubuhi ya siku yenyewe angalia tangazo kabla hujanunua gunia.

Halafu ukipata nafasi nenda bustani za jimbo, sio za mji tu. Kuna mabanda huko ya mawe na magogo yana meko makubwa ya kweli ndani, mengi yamejengwa na vijana wa Civilian Conservation Corps, mradi wa Rais Roosevelt wa 1933 mpaka 1942 wakati watu hawana ajira. Kijana alikuwa analipwa dola 30 kwa mwezi, na katika hizo kama 25 zinapelekwa moja kwa moja kwa wazazi wake nyumbani. Nilivyosoma hiyo nikasema kumbe hawa ni ndugu zetu.

Shangazi mi niko Florida, mwanangu anatimiza 7, nataka tuachie maputo 7 angani kwa pamoja tukiimba. Inaruhusiwa? Mama Saba

Hapana mpenzi. Florida tangu tarehe 1 Julai 2024 kuachia puto makusudi kunahesabiwa ni kutupa taka, faini dola 150. Sheria imewasamehe watoto wa miaka 6 kushuka chini, kwa hiyo wa kwako kapitwa na msamaha kwa mwaka mmoja, hahaha. Virginia walitangulia 2021, wao wanahesabu puto moja moja, dola 25 kila moja, saba hizo piga mwenyewe. Sababu ni kwamba puto linashuka, na huko kwenu linashukia baharini, kasa analiona kama yavuyavu, yule kiumbe laini kama jeli anayependa kumla, analimeza. Yale ya kung'aa kama foili ndo mabaya zaidi kwa upande mwingine, yakigusa nyaya za umeme yanapiga shoti mtaa mzima unazimika.

Mpe chupa saba za mapovu ya sabuni. Kwa kubandika mapambo kwenye nguzo za banda tumia kamba, usipigilie pini wala stepla wala kumwaga zile karatasi za kumetameta, ndo vitu vya kwanza wanavyokagua kabla ya kukurudishia dipoziti.

Shangazi, Desemba tunakuja Nairobi na watoto, tunataka besdei ifanyike Karura chini ya miti. Tujiandaeje? Wa Toronto

Chaguo zuri, mtakuwa kwenye msitu ule ambao Wangari Maathai na wenzake walipigwa Januari 1999 wakikataa ugawiwe watu wa kujenga. Waandikieni mapema mhifadhi nafasi ya kukaa, msifike tu na magari matano, na msahau habari ya spika, pale ni msitu sio ukumbi.

Kitakachowakwamisha ni mizigo. Tangu tarehe 5 Juni 2020 Kenya imepiga marufuku plastiki za kutumia mara moja kwenye hifadhi, misitu na fukwe, na mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku nchi nzima tangu 2017. Kwa hiyo zile pakiti za besdei mlizonunua Toronto, vikombe vya plastiki vya katuni, sahani, mirija, vijiko, zawadi ndogondogo kwenye vimifuko vya nailoni, viacheni hukohuko. Maji ya chupa za dukani pia hayaingii. Mwambie bibi yao awaazime vikombe vyake vya bati na sahani za melamini, chukueni deli moja kubwa la juisi, na kisu cha keki asikisahau mtu, mara ya mwisho mimi tulikata keki na kadi ya benki.