Jibu: Kufuta alama za ufuatiliaji ukutani

Ndugu, umeuliza kama kuna njia ya kufuta kwenye video zile alama za msalaba ukutani, zinazowekwa ili kompyuta ifuatilie mwendo wa kamera, bila kupaka fremu (picha mojamoja za video) moja moja. Ipo, na kweli usipake moja moja, utazeeka.

Chagua fremu moja kali, isiyo na ukungu wa mwendo, ufute alama zote hapo kwa brashi ya kunakili, ile inayochukua sehemu safi ya ukuta na kuipaka juu ya alama. Kisha bandika kiraka hicho kwa data ileile ya ufuatiliaji uliyokwisha kuipata, kifuate ukuta kamera inavyosogea. Kata vipande vidogo vinavyofunika alama tu, kingo zake zilainishwe. Ukifunika ukuta mzima, mwanga ukibadilika kidogo utaumbuka.

Kazi yenyewe iko pale mtu anapopita mbele ya alama. Hapo huna ujanja, chora maski yake, yaani mstari unaofuata umbo lake ili kiraka kibaki nyuma yake, na nywele zitakutoa jasho.

Halafu chembechembe, yaani vidoa vidogo vya kamera vinavyocheza kwenye video: kiraka kimetoka kwenye picha iliyoganda, hivyo chembe zake hazichezi na jicho huona doa lililokufa. Ziondoe kabla ya kufuta, zirudishe mwishoni.

Content-Aware Fill, zana ya programu ya After Effects inayojaza yenyewe sehemu uliyoifuta, hufaa ukuta ukiwa mtupu, ila mimi huijaribu kwa fremu chache kwanza.