Bajeti ya shindano la kwanza la kuteleza kwenye barafu

Hongera kwa kuthubutu! Umeuliza utenge pesa za nini zaidi ya ada ya kujiandikisha, na kama ni lazima kushonesha vazi. Si lazima. Gauni la mazoezi linalokukaa vizuri, hata la kuazima, linatosha kabisa. Waamuzi wanatazama unavyoteleza.

Kinachowashtua wengi ni kocha. Siku ya shindano humlipi zile dakika za barafuni tu. Kuna muda wa kukupasha misuli, kukusubiri, na pengine nauli na malazi. Muulize mapema, tena waziwazi: anatoza vipi, na gharama za safari zinagawanywa kwa wanafunzi wangapi?

Kwenye ada, kipengele cha kwanza, yaani sehemu ya shindano unayojiandikisha kushiriki, kwa kawaida ndicho ghali, vya kuongeza huwa nafuu, na ndiyo maana watu hujikuta wamejaza vitatu. Mimi ningeanza na kimoja. Angalia pia kama uanachama wa klabu au chama cha mchezo unadaiwa, na soma tarehe ya mwisho ya kujiandikisha: ikishapita, mara nyingi pesa hairudi hata ukiumia.

Vyuma vya viatu vinolewe siku kadhaa kabla, siyo usiku wa kuamkia shindano, ili miguu izoee makali mapya. Muziki wa ngazi za mwanzo ni kama dakika 1 tu, hivyo kuukata hakugharimu sana. Ikibaki chochote, nunua muda wa ziada wa barafu urudie programu yako, yaani mtelezo utakaoonyesha, yote na muziki, mwanzo hadi mwisho.